Malalamiko ya Mhadhiri Aliyenukuliwa Mara Tisa

Sohag, Jumatatu, 11 Novemba

Kwa Profesa Ismat Halawani,
Amidi wa Kitivo cha Ustawi wa Jamii

Mheshimiwa Amidi,

YAH: KUNYIMWA UPROFESA KWA SABABU YA WAJANE

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikiwezekana uwe umeshakunywa chai, maana ina urefu kidogo.

Wiki mbili zilizopita kamati ya kupandisha vyeo iliniita. Nimefundisha ustawi wa jamii miaka ishirini na tatu na kuchapisha makala thelathini na nane. Kamati ilinieleza, kwa sauti ya daktari mwenye habari mbaya, kwamba makala hizo zote kwa pamoja zimenukuliwa na wasomi mara tisa. Kwa hiyo uprofesa nisubiri. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kati ya hizo tisa, kamati ilitaka kuondoa sita kwa kuwa nilijinukuu mwenyewe. Nauliza kwa adabu: nisingejinukuu mimi, nani angeanza? Zilizobaki ni tatu. Moja ni ya Dkt. Bahgat, ninayekaa naye ofisi moja, na niliipata baada ya kumpelekea chai wiki nzima. Ya pili ni ya msomi wa Morocco aliyeandika, "tofauti na alivyokosea al-Qusi". Ya tatu, nasikitika kusema, inamhusu al-Qusi mwingine, anayechunguza mabwawa ya samaki. Sikuisahihisha.

2. Makala yangu kuhusu wajane wa Akhmim na pensheni za waume zao imefunguliwa mtandaoni mara kumi na moja. Mara saba nilikuwa mimi, nikiangalia kama kuna aliyeifungua. Mke wangu Ihsan alijitahidi akafika ukurasa wa tatu, kisha akaniuliza, "Nabih, hawa wajane uliowaandika, wakiisoma watakuelewa?" Nikamwambia haikuandikwa kwa ajili yao. Akataka kujua imeandikwa kwa ajili ya nani. Jibu naliandaa tangu masika.

3. Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Mwezi uliopita shemeji yangu alifariki, Mungu amrehemu, nami nikamsindikiza dada yangu Karima kwenye ofisi ya bima ya Akhmim. Nilijiandaa kwa siku nyingi za kuzungushwa. Tulipofika nikaona karibu kila mwanamke kwenye foleni ameshika karatasi moja, nakala ya nakala, herufi zimefifia. Ina mistari kumi na mmoja. Anza dirisha la tatu, si la kwanza. Usiwaachie cheti halisi cha kifo, wape nakala. Wakidai barua ya mwajiri, waambie wanayo kwenye jalada, na usiondoke mpaka walifungue.

Mheshimiwa, huo ni ukurasa wangu wa kumi na tisa. Ni kiambatisho cha makala yangu, neno kwa neno, bila jina langu.

Nilimgusa bega mama aliyekuwa mbele yetu nikamweleza kwa upole kwamba aliyeandika karatasi ile ni mimi. Akanitazama kuanzia viatu. "Hii karatasi ni ya wajane, ustadhi," akasema. "Wewe umefiwa na nani? Rudi kwenye foleni."

Karani wa dirisha la tatu aliniambia karatasi hiyo imeshafika Girga na Tahta. Alilalamika kwamba siku hizi hawezi kumwambia mtu arudi kesho, maana anasomewa mstari wa sita. Karima alimaliza shughuli yake kwa safari mbili. Jirani yake, miaka sita nyuma, alihangaika miaka miwili mpaka akauza bangili zake.

Basi naomba yafuatayo. Kila mjane aliyepata pensheni kwa karatasi hiyo ahesabiwe kuwa nukuu moja. Kabla ya kueleza shida yake dirishani, atamke wazi, "Kama alivyobainisha al-Qusi, ukurasa wa kumi na tisa." Mwenye duka la fotokopi mkabala na ofisi aandike orodha ya marejeleo chini ya kila nakala. Waliofanikiwa zamani watafutwe majumbani kwao ili wanukuu sasa. Na mjane akiolewa tena, nukuu yake isifutwe.

Naomba pia unisalimie wajumbe wote wa kamati, Dkt. Bahgat, na yule bwana wa mabwawa ya samaki endapo mtakutana.

Wako mtiifu katika utafiti,
Dkt. Nabih al-Qusi, Mhadhiri Mwandamizi

Nyongeza: Haya nayaandika kwa mkono, mezani kwa karani wa masjala, ambaye amekataa kunirudishia barua kwa kuwa imeshagongwa mhuri. Baada ya kuileta nilitafuta daftari langu la utafiti ili niambatishe ushahidi. Mistari yote kumi na mmoja imo. Juu yake nimeandika "Mhojiwa namba 14". Alizungumza yeye, mimi niliandika; nilichofanya ni kuondoa matusi yake kwa makarani. Kwenye makala nikaweka "mtafiti anapendekeza".

Anaitwa Nafusa Abdel-Al. Aliyajua hayo kwa kwenda ofisi ile miaka mitatu. Alhamisi nilimfuata nyumbani kwake nikamweleza yote, pamoja na habari za kamati. Akauliza kama wanawake wanapata haki yao. Nikasema wanapata. "Sasa hiyo kamati yenu inataka nini tena?" Nikanywa chai yake.

Kwa hiyo naondoa maombi yangu. Nimeliandikia jarida liweke jina lake kwenye ukurasa wa kumi na tisa. Amekubali, kwa sharti niongeze mstari wa kumi na mbili: dirisha la tatu limehamishiwa ghorofani, na ngazi ziko upande wa nyuma.