Kumfungua Baba

Jumatatu, 4 Machi 2024
Baba amepatikana! Maktaba moja ya ng'ambo imeweka picha za zamani mtandaoni. Dada yangu Sheryl, aliye Maseno, amemwona: Port Victoria, amebeba samaki mbuta, jina limeandikwa chini. Baba alizama ziwani nikiwa tumboni, na mafuriko yakabeba picha zake zote. Presha ya macho inammaliza Mama. Daktari anasema huenda macho yasimalize mwezi yakiona. Anataka kumwona mumewe mara moja tu. Nimemwambia aniachie mimi.

Jumanne, 5 Machi
Picha ni ileile, ila iko kwa saizi mbili. Ndogo inafunguka haraka. Kubwa inaonyesha hadi kope. Sheryl amepiga simu kusema tumwonyeshe Mama ndogo. Ndogo! Kwani Baba ni omena, yule dagaa? Nimebonyeza kubwa. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, bando likaisha. Nimeona kofia tu.

Jumatano, 6 Machi
Jirani yetu Khaemba ana intaneti ya waya. Mama anasema nimwombe. Nimwombe Khaemba? Aliyenishinda uenyekiti wa ploti kwa kura moja, tena ya Mama! Nimepanda juu ya bati na modemu ndani ya sufuria. Netiweki ikapanda, mimi nikashuka. Kwa mgongo. Khaemba ndiye aliyeniinua. Akauliza nilikuwa natafuta nini huko. Nikasema naziba tundu.

Ijumaa, 8 Machi
Mgongo, wueh! Mama ameuliza Baba amefika wapi. Nikasema kwenye nyusi. Akasema hata hizo nyusi, wuoda, mwanangu, nionyeshe. Nikakataa. Mume wa mtu haletwi vipande vipande. Akageukia ukuta. Roho imeniuma sana.

Jumapili, 10 Machi
Mama ameamka akiuliza mbona hatujafungua dirisha. Lilikuwa wazi.
Nimekimbia kwa Khaemba bila viatu, nikilia. Ameandika nambari ya siri ya intaneti yake kwenye simu yangu bila swali hata moja. Picha kubwa ikafunguka kabla sijaketi. Baba! Ana mwanya kama wangu. Anacheka. Mama ameishika simu, akapapasa kioo, akauliza yuko upande gani.  Nikalia kama mtoto.

Jumatatu, 11 Machi
Sheryl amekuja. Anasema nikae na Mama nimweleze tu ule uso, polepole, kwa maneno. Mama naye ameomba hivyo hivyo. Maneno! Nimemwambia Mama avumilie kidogo. Nimepata fundi huko mtaa wa Kondele mwenye mashine ya kurusha picha ukuta mzima. Nadhani simu ndiyo ilikuwa ndogo.