Uzinduzi wa Sakafu ya Ndugu Theophil

Ilitangazwa rasmi, baada ya ugali na kabla ya papai, kuwa saruji imefutwa.

Aliyetangaza ni Ndugu Theophil, Afisa Mwandamizi katika Idara ya Uratibu wa Taratibu. Waliotangaziwa ni mkewe Agnesi na binti yao Jovitha, ambao ndio umma wote uliokuwepo mezani jioni hiyo, nyumbani kwao ghorofa ya tatu, Kariakoo. Alisimama, akasafisha koo, akasema kuwa sebule ya familia itaingia zama za mbao kabla washenga wa kijana Beno hawajafika kumposa Jovitha. Haiwezekani, alisema, wazee wa watu watoke Buguruni waje kukanyaga saruji yenye nyufa, kisha warudi kwao na taarifa potofu juu ya hadhi ya mtumishi wa umma.

Agnesi aliuliza kama washenga wanakuja kuposa binti au sakafu. Swali lake lilipokelewa kwa ajili ya kufanyiwa kazi.

Ieleweke kuwa Ndugu Theophil hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hatua. Idara yake ilikuwa na jukumu la kuhakikisha kuwa jambo haliendi mpaka lipite, wala halipiti mpaka liende, na kwa kazi hiyo ngumu ilisifiwa kila mwaka na Idara yenyewe. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani haachi kazi mlangoni pamoja na viatu. Friji ya Agnesi ilipotakiwa kusogezwa jikoni, kwa mfano, ilichukua masika mazima, na mwishowe ikabaki palepale kwa kibali maalumu.

Basi Ndugu Theophil akashuka madukani, akimtanguliza fundi Lucky. Katika duka la kwanza muuzaji alimwita bro. Katika duka la pili aliitwa mheshimiwa, na duka la pili likavuka mchujo wa awali.

Lucky alimweleza mambo kwa lugha nyepesi. Ukitaka mbao halisi, mninga ni mzuri, ila uwe tayari kuutunza kama mzazi mgonjwa. Ukitaka unafuu, chukua laminati, vile vibao vya kiwandani vyenye picha ya mbao juu yake, vinavyoshikana kimoja kwa kingine bila msumari. Chini pasawazishwe na pakauke kabisa, kitandikwe kisponji chembamba, na pembeni mwa kuta iachwe nafasi ndogo, maana vibao hivi huvimba. Na kabla ya kutandikwa vilale siku mbili humohumo sebuleni, ndani ya maboksi yake, vizoee joto la Dar.

"Kazi ya wikiendi hiyo, mzee," alisema Lucky. "Jumapili jioni mnacheza muziki juu yake."

Ndugu Theophil alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayejua kazi lakini hajui utaratibu. Akaunda Kamati ya Uteuzi wa Rangi. Mwenyekiti alikuwa yeye. Katibu alikuwa yeye. Ili kulinda uwazi aliteua pia mjumbe huru, naye huyo akawa yeye, baada ya kujiuliza maswali magumu.

Sampuli zilipangwa sebuleni na kufanyiwa majaribio. Zilimwagiwa chai ya rangi, kisha chai ya maziwa. Jirani wa mlango wa pili, Bi Kuruthumu, mjane anayeuza mikeka kwa jumla sokoni, aliitwa apite juu yake kwa viatu virefu kwa niaba ya wananchi. Alipita, akasema zote ni nzuri, akauliza kama kuna soda. Agnesi aliomba rangi ya kahawia iliyokolea, isiyoonyesha vumbi, kwa kuwa mfagiaji ni yeye. Hayo yaliandikwa kama maoni ya wadau.

Kamati ilikuwa imekaribia kuchagua rangi ya asali ndipo ikagundulika kuwa Mkurugenzi wa Idara, Mheshimiwa Hafidhi, ana rangi hiyohiyo nyumbani kwake Upanga. Ndugu Theophil hakulala usingizi. Kuwa na sakafu sawa na ya mkuu wako ni nini kama si kujilinganisha naye? Lakini kuwa na iliyo tofauti kabisa, huko nako si ni kumpinga? Mwishowe Mwenyezi Mungu alimfungulia njia. Alichagua rangi iliyo daraja moja chini ya asali ya Mkurugenzi, akajisikia mwepesi moyoni.

Washenga wakati huo walikuwa wamekwishaambiwa wasubiri. Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Maboksi yalipofika, aliyapokea mlangoni kwa hotuba fupi. Lucky alipokumbusha zile siku mbili za mapumziko, alisema hazitoshi. Mtumishi wa umma akihamishwa kituo hupewa muda wa kujipanga, na vibao hivi vimehama kutoka ng'ambo, si mchezo. Vikapewa majuma mawili. Feni ya chumbani kwa Jovitha ikahamishiwa sebuleni ili maboksi yasipate joto la ghafla, na Jovitha akalala akijipepea kwa gazeti. Washenga wakaambiwa tena wasubiri. Hiyo ikawa ya pili.

Hapo Mzee Severine, mshenga mkuu, akatuma ujumbe. Ulikuwa wa heshima, na mfupi. Alisema wao wanaelewa sana mambo ya ujenzi, ila kwao, baba wa binti akiahirisha mara ya tatu, huwa wamekwishajibiwa. Watakuja Jumamosi saa nane mchana. Wasipopokelewa, watamtafutia kijana mke kwingine, bila kinyongo.

Jovitha alimpenda Beno, na aliogopa. Siku hiyo alilia jikoni huku akikatakata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Baba yake alipoona macho yamevimba, alihisi ni vumbi la kusawazisha saruji, akaagiza familia nzima ivae barakoa.

"Baba," Jovitha alimwambia, "hao watu wakiondoka Jumamosi, hawarudi."

"Hawataondoka," alijibu Ndugu Theophil. "Wataikuta sakafu."

Na kweli, kufikia Ijumaa Lucky alikuwa amemaliza. Ilipendeza, tuseme ukweli. Ilikuwa sawa na laini, haina hata mlio, na jua la asubuhi lilipoingia dirishani sebule nzima ilionekana kama nyumba ya mtu mwingine. Ndugu Theophil aliitazama akashikwa na furaha iliyomtoa machozi kidogo. Kisha akatoa waraka wa mdomo: hakuna mguu, isipokuwa wa mwenyeji, kukanyaga sakafu hiyo, wala mtu yeyote kuvuka utepe utakaofungwa mlangoni, mpaka izinduliwe na mgeni rasmi.

Mgeni rasmi angekuwa nani tena zaidi ya Mkurugenzi Hafidhi? Huyu alikuwa mtu asiyekataa kukata utepe. Amezindua bomba, amezindua ubao wa matangazo, na geti la mhasibu alilizindua mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mpiga picha alichelewa. Alikubali kufika Jumamosi saa sita, ili saa nane washenga waikute sakafu ikiwa imeanza kazi rasmi.

Jumamosi ikafika. Utepe mwekundu ulifungwa mlangoni, na Ndugu Theophil, akiwa amevaa suti na soksi mpya, akabaki upande wa ndani, kwa kuwa itifaki inamtaka mwenyeji ampokee mgeni rasmi kutokea ndani ya mradi. Agnesi na Jovitha walihamia kwa Bi Kuruthumu na sufuria zao za pilau. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Hilo halikumshtua mtu, kwani kiongozi anayefika kwa wakati huwatia watu wasiwasi.

Saa nane kamili washenga wakapanda ngazi. Walikuwa wazee watatu wenye makoti, wakiongozwa na Mzee Severine mwenye kofia ya pama. Agnesi aliwasalimu kwa adabu zote, akawaomba radhi, akawaingiza kwa Bi Kuruthumu, ambako sakafu ni saruji nyekundu ya miaka nenda rudi na juu yake mikeka mizuri ya dukani kwake. Wakavua viatu mlangoni. Majirani nao wakaja, maana harufu ya pilau haihitaji kadi, nao wakavua vyao. Wakakaa. Wakanywa juisi ya ukwaju. Mzee Severine akauliza baba mwenye nyumba yuko wapi.

Agnesi alisema yupo, anamsubiri mgeni rasmi.

"Sisi tulidhani wageni rasmi ni sisi," alisema Mzee Severine. Alisema hivyo bila hasira, na hilo ndilo lililomtia Agnesi baridi.

Wakasubiri kwa muda ambao hata mtu mvumilivu angeuona mrefu. Jovitha alikuwa amekaa chumbani kwa Bi Kuruthumu, amejifunika khanga. Mwishowe Mzee Severine akanyoosha mkono kuichukua kofia yake. Na wakati huohuo Mkurugenzi Hafidhi akamaliza ngazi.

Sasa, katika jengo lile, mlango wa Bi Kuruthumu ndio unaokukabili ukifika juu, na wa Theophil uko nyuma ya mgongo wako. Mkurugenzi aliona mlango mmoja wenye rundo la viatu. Yeye ni mzoefu wa hadhara, na mahali penye watu ndipo penye shughuli yake. Akavua viatu, akaingia.

Ndugu Theophil alimwona kisogo kutoka nyuma ya utepe. Alifungua kinywa, akakifunga. Kumwita Mkurugenzi kwa sauti, tena kwa nyuma, ni utovu wa nidhamu. Kuuvuka utepe usiokatwa ni kuvunja waraka wake mwenyewe. Alibaki amesimama wima ndani ya soksi zake.

Agnesi naye alifungua kinywa ili amwelekeze mgeni. Akaiona kofia ya Mzee Severine ikiwa njiani kwenda kichwani. Akakifunga kinywa, akavuta kiti kikubwa kuliko vyote, akakifuta vumbi.

"Karibu, mzee, ukae hapa. Walikuwa wanakusubiri wewe tu."

Washenga walimwona mtu mnene, suti nzito, kila mtu amesimama kwa ajili yake. Hawakuwa wamewahi kumwona baba wa binti, na kumuuliza mtu jina lake mbele ya watu waliosimama kwa heshima yake si adabu. Bwana harusi mtarajiwa mwenyewe hakuwepo kuwasahihisha, kwa kuwa kwao kijana haji kujiposea. Kofia ikarudi chini. Mzee Severine akasimama, akainamisha kichwa, akasema kuwa wametoka Buguruni, wamekuja na ombi. Kijana wao amemwona binti humu ndani, amempenda, naye anaona hana pengine pa kwenda. Wanaomba wapokelewe.

Mkurugenzi aliusikia wimbo huo vizuri, maneno hakuyafuata. Kila anapokwenda husomewa risala, na kila risala huwa na ombi. Ameombwa visima na madawati na matundu ya vyoo, na hajawahi kukataa hata kimoja, kwa sababu kukubali hakuna gharama. Akanyanyuka.

"Ombi lenu nimelisikia, na ni la msingi," alisema. "Nimelikubali. Naagiza utekelezaji uanze mara moja."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka chini barabarani, wauza mitumba wakatazama juu. Mkurugenzi alifurahi kuona anavyopendwa. Akakanyaga saruji ya Bi Kuruthumu mara mbili kwa kisigino, akatamka kuwa sakafu hiyo ni imara, inazingatia viwango, na imezinduliwa rasmi. Bi Kuruthumu, ambaye amekuwa akiikanyaga tangu alipoolewa, alisema ahsante.

Jovitha alitoka chumbani mbio, akavuka korido mpaka kwenye utepe. Khanga ilikuwa imemporomoka mabegani na uso wote umelowa machozi, lakini alikuwa anacheka.

"Baba, wamepokelewa."

Ndugu Theophil alimtazama. Nyuma yake sakafu iling'aa peke yake. Ilimjia, kwa mara ya kwanza tangu saruji ifutwe, kuwa alikuwa nusura ampotezee mtoto huyu furaha yake kwa ajili ya vibao, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Hakujua aiseme vipi. Alisema tu kuwa jambo likishaidhinishwa na ngazi ya juu, yeye ni nani wa kulizuia.

Kule ndani mambo yalikuwa yanaendelea. Mzee Severine alimpa Mkurugenzi mkono wa ukwe, akamweleza kuwa kwa mila zao anayesema ndiyo mbele ya washenga ndiye baba mbele ya watu. Ndiye atakayeongoza kamati ya harusi, kila Jumamosi, mpaka siku yenyewe. Ndiye atakayesimama ukumbini kumkabidhi binti. Na michango ikipungua, basi, mzee, unajua mwenyewe. Mkurugenzi, ambaye harusi za wafanyakazi wake huzichangia kwa sala, alibadilika rangi. Aliuliza Theophil yuko wapi. Alionyeshwa. Akavuka korido bila viatu mpaka kwenye utepe.

"Theophil. Toka huko, uwaambie hawa watu baba ni wewe."

"Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani, siruhusiwi kuvuka. Mradi haujazinduliwa."

"Nimeshazindua."

"Umezindua wa jirani, Mheshimiwa. Na umekwishatoa agizo mbele ya hadhara. Agizo la Mkurugenzi mimi sina mamlaka ya kulitengua."

Agnesi alikuwa amefika na sahani ya pilau mkononi. Jovitha alikuwa ameshika utepe kwa mikono miwili. Mkurugenzi alimsogelea Theophil, akashusha sauti, akamuuliza kama mtu anayeomba maji: hakuna kabisa njia ya kujitoa?

Ndugu Theophil alifikiri kwa uangalifu wote ambao Idara ilimfundisha.

"Njia ipo, Mheshimiwa," alisema. "Andika barua ya maombi. Ipitie kwangu."