Mguu Uliopasi kwa Kukaa

Kwii! Gizani, mkanda wa mguu bandia ulilia, na Kunigunda akasaga meno kikombe cha mguu huo kilipomeza kigutu chake chini ya goti. Vumilia, mguu. Leo una wageni.

Kamati ya Starehe ya Vikombe vya Miguu Bandia ilikuwa imeteremka Mbamba Bay kutoka Mbinga, na kulipokucha kipaza sauti kikatangaza: "Kuanzia sasa, hakuna mguu utakaomuumiza mwananchi bila kibali!" Soko zima la dagaa wa usipa likapiga makofi.

Kunigunda alitaka kitu kimoja tu: kumbeba bintiye Beata mgongoni. Kila akijaribu, kikombe kilimng'ata, na mtoto ndiyo anakua hivyo. Si muda atakataa kubebwa. Mguu ukifeli ukaguzi wa Kamati, fundi Twaha angemtengenezea kikombe kingine, na plasta ya kuchukulia umbo la kigutu keshaileta. Ukipasi, ndiyo basi tena.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mama," akaitikia Mwenyekiti Baltazar. "Mguu unakaa?"

"Haukai."

"Hebu kaa wewe."

Akakaa.

"Unauma?"

"Nikikaa hauumi. Nikisimama ndiyo moto!"

"Kusimama hakumo kwenye mwongozo. Starehe ni kukaa, mama. Nani umemwona akistarehe wima? Twaha, andika: umekaa."

"Basi jaribu wewe, mheshimiwa."

"Jaribu, mzee!" wauza usipa wakashangilia.

Mwenyekiti hakuwahi kukimbia majukumu. Kunigunda akavua mguu. Mwenyekiti akakunja goti lake nene, akalishindilia ndani ya kikombe, akafunga mkanda kiofisi. Akiwa kitini, akatoa tathmini ya kitaalamu:

"Godoro!"

Ndipo mgeni rasmi wa shughuli hiyo akaingia sokoni, na mgeni rasmi akiingia watu husimama. Mwenyekiti akasimama.

"Yalaaa! Twaha, nivue!"

"Hautoki, mzee. Mpaka nikikate kikombe."

"Kata!"

"Kilichopasi starehe hakikatwi bila kikao. Mwongozo wenu huo."

"Kimefeli! Kimefeli vibaya sana! Na kusimama kuingie kwenye mwongozo, aya ya kwanza!"

Twaha akaloweka kwanza plasta ya Kunigunda, ndipo akaanza kutafuta msumeno, taratibu, kama mtu aliyesahau alikouweka.

"Kuna tatizo?" akauliza mgeni rasmi.

"Hapana, mheshimiwa," akajibu Mwenyekiti, amening'inia begani kwa katibu wake. "Zoezi la starehe linaendelea vizuri."

Beata, kando ya mama yake, akamtazama Mwenyekiti usoni, akasema kwa sauti:

"Babu analia."