Mtu wa Mbao wa Obeid

Mwaka 1956, hospitalini Nakuru, hakuna aliyeujua mwili wa binadamu kumshinda Obeid! Hayo aliyasema Obeid mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuosha vidonda na kufunga bendeji, lakini baba yake alikuwa fundi wa reli, naye Obeid alishakata shauri kwamba binadamu ni gari moshi lililovaa suruali.

Ili kuthibitisha, aliunda mtu wa mbao. Mikono na miguu ilikuwa mbao za masanduku, misuli tyubu za baiskeli, na ubongo kopo tupu la majani chai. Kopo lile lilimzidi Obeid akili, maana lenyewe lilijua kunyamaza.

Basi akaletwa Mzee Kipsang, mchunga ng'ombe wa mzungu mmoja huko Rongai. Mkono wake ulitetemeka hata akiwa ametulia, na kila akifika mlangoni miguu inagoma. Mwenye shamba alitaka barua ya daktari kufikia Ijumaa, kwamba mzee anaweza kazi. Bila barua, mzee afungashe virago, yeye na mke na watoto.

Mkewe, Jepkorir, alijaribu kueleza. Walipofuata njia ya reli asubuhi ile, mzee alikanyaga zile mbao zinazokingama chini ya reli moja baada ya nyingine, wala hakukwama.

Obeid alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mama, wewe umesoma wapi? Hii ni sayansi."

Akavuta kamba ya kumwendeshea mtu wa mbao, naye akakwama. Nadharia imethibitishwa: magoti yamekauka! Siku tatu nzima Obeid alimpaka mzee grisi ya mabehewa. Mzee aling'aa, akanuka stesheni nzima, na mlangoni bado akaganda. Obeid hakuona haya hata kidogo. Alisema kosa ni la mzee, kwa kuwa hafuati mfano.

Ijumaa daktari akasimama uani, akamwita mzee atoke. Mzee akafika kizingitini, akaganda. Hapo Obeid akavuta kamba kwa madaha, amwonyeshe jinsi mguu unavyopaswa kwenda. Mtu wa mbao akarusha teke moja, tyubu zikakatika, akamwagika sakafuni vipande vipande!

Daktari alishafungua kalamu, na uso wake ulikuwa unasema hapana. Jepkorir aliwaona akilini wanawe wamelala barabarani. Hakuomba ruhusa ya mtu. Aliokota ile miguu na mikono ya mbao, akailaza mbele ya mumewe kwa kukingama, mmoja kila hatua, kutoka kizingitini mpaka uani.

"Kuja, mzee," alisema. "Ruka moja moja tu."

Mzee akaruka paja, akaruka mkono, akaruka paja la pili, akaenda moja kwa moja hadi alipo daktari.

Barua iliandikwa papo hapo, na ndani yake daktari akaagiza mzee apangiwe fito za kuruka chini, kwenye mlango wa zizi. Obeid akajikohoza, akasogea. Akasema kumbe mtu wake amefaulu, na sasa angeomba kuunda mwingine, mkubwa zaidi.

"Unda," daktari akamwambia. "Wagonjwa kama huyu ni wengi. Lakini lete miguu tu, na usiiunganishe."