Mimi, Rimoti na Matoazi ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Posa nimepeleka, jibu sijapata. Baba yake Mchumba amesema atanijibu baada ya tamasha la Jumamosi, kwa sasa kichwa chake kimejaa muziki. Mzee anapiga matoazi kwenye okestra. Ndiyo, yale masahani mawili ya shaba! Jumamosi anastaafu, na siku hiyo okestra nzima itapiga muziki wa michezo ya video. Nilidhani ananitania. Watu wazima, suti nyeusi, fidla, halafu muziki wa gemu?

Akaniuliza kama gemu nazijua. Mchumba akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaelewa ananitia moyo. Nikamwambia mzee nilikuwa bingwa.

Jumanne, 5 Machi

Makubwa! Mzee kapiga simu nikiwa juu ya ngazi, natundika pazia la mteja, pini mdomoni. Anasema katika wimbo wa mwisho kuna mtu hukaa jukwaani na kucheza gemu kwenye skrini kubwa, na okestra inamfuata yeye. Akikimbia, wanakimbia. Akikwama, wanarudia palepale mpaka aendelee. Sasa mchezaji wao kavunjika kidole. Mzee kawaambia wasihofu, ana mkwe bingwa. Mkwe! Nusura nimeze pini. Nikakubali.

Akaongeza kwamba katika wimbo huo yeye ana pigo moja tu, pale mlango wa ngome unapofunguka. Moja, la kuagana na kazi. Nikamwambia ahesabu limeshapigwa.

Baadaye Mchumba akapiga simu. Anataka nimwambie babake ukweli, la sivyo anifundishe yeye. Yeye, anayepima watu miwani! Nimemjibu kwamba mwanamume hafundishwi kitu anachokijua. Akakata simu. Nadhani alivutiwa.

Jumatano, 6 Machi

Nani mwenye gemu hiyo? Bwana Chaja, fundi simu wa duka la jirani, anayemsalimia Mchumba wangu kwa meno yote, mpaka ya nyuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeinama.

Runinga yake iko vipande vipande mezani, kwa hiyo gemu yenyewe hakunionyesha. Kanipa rimoti ya kuchezea tu. Akaniambia nikifika kwenye mlango wa ngome nisihangaike, nisubiri taa iwake, nibonyeze kitufe cha duara, basi. Alisema huku anacheka. Nimemshtukia! Kikulacho ki nguoni mwako. Nitabonyeza chochote, lakini cha duara sikigusi.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi siku mbili mfululizo, rimoti mkononi, macho ukutani. Vidole vimekuwa vyepesi ajabu. Dada kaniuliza mbona nabonyeza rimoti isiyounganishwa na kitu. Nikamwambia mabingwa ndivyo wanavyofanya. Akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Nimejishonea tai kwa masalia ya pazia la kijani. Imetoka vizuri.

Jumapili, 10 Machi

Bado sielewi kilichotokea jana. Naandika nilivyoona.

Ukumbi umejaa hadi juu. Pazia la jukwaa pindo lake la kushoto limeshuka, nikakosa raha. Kiongozi wa okestra akanipa mkono, akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia labda yeye ndiye hayuko tayari.

Kimtu changu kikatokea kwenye skrini. Kikakimbia, okestra ikakimbia nacho. Kikaanguka mtoni, fidla zikalainika zenyewe kama maji. Raha iliyoje! Mwisho kikaburura miguu hadi mlangoni. Taa ikawaka. Mzee akasimama, akainua matoazi juu ya kichwa.

Nikabonyeza pembetatu. Kimtu kikaruka. Mraba, kikakaa chini. Okestra ikarudia palepale. Msalaba, kikachomoa upanga, kikaurudisha. Okestra ikarudia tena. Nilidhani ndivyo wimbo ulivyo, na kipande hicho nilianza kukipenda. Mzee akashusha matoazi, akainua, akashusha, akainua. Nikaona ananipungia. Nikampungia. Watu wakacheka, nikainama kuwashukuru.

Hapo ndipo nilipomtazama mzee vizuri. Jasho linamtoka, na macho hayako kwangu hata kidogo. Yako kwenye mlango. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikabonyeza vyote kwa pamoja, isipokuwa cha duara. Kimtu kikaanza kucheza dansi.

Mchumba akapanda jukwaani, viatu mkononi. Akaninyang'anya rimoti. Akabonyeza cha duara.

Mlango ukafunguka. Mzee akapiga. Lo! Nililisikia pigo lile mpaka kwenye meno. Ukumbi mzima ukasimama. Mzee akalia waziwazi, na mimi nikalia, sijui hata kwa nini.

Nje Mchumba kanieleza kwamba gemu hiyo ameicheza tangu utotoni, na kila alipofungua mlango ule babake alimgongea mifuniko ya sufuria jikoni. Kumbe! Akasema yeye hahitaji bingwa. Anahitaji mume anayeweza kusema "sijui". Nikaapa mbele yake, mkono kifuani, kwamba nimejifunza.

Kitu kimoja tu kinanisumbua. Kwa nini Bwana Chaja aliniambia ukweli? Ana lake jambo yule.

Jumanne, 12 Machi

Mzee amekubali! Kasema miaka yote ya kazi hajapata kuona ukumbi unalisubiri pigo lake namna ile, na kwamba bila mimi lingepita kama mengine. Sikujua kama ananisifu au ananisimanga. Nimeshukuru tu, yasije yakageuka.

Sasa hana kazi, kanunua mizinga ya nyuki. Jumapili tunaihamishia nyuma ya nyumba yake. Akaniuliza kama nyuki nawajua. Mchumba akanikanyaga mguu chini ya meza. Anavyonipenda! Nikamwambia mzee nyuki nimekua nao.

Jioni nikamrudishia Bwana Chaja rimoti yake. Kumbe kwao wanafuga nyuki. Kaniambia nisije nikawasogelea bila kofia ya wavu. Alisema huku anacheka.

Wavu sivai.