Kidoti Hauzwi

Jumatatu, tarehe 25 Agosti

Wewe uliyelishika daftari hili, nakusihi, usimsomee mtu hata neno moja. Si mwenzi wako, si rafiki, si mtu uliyekaa naye foleni. Mimi ni karani wa mkataba katika soko la mifugo. Mkataba unaisha mwezi ujao. Yaliyomo humu yanatosha kunifukuzisha kazi mara tatu. Na kama wewe ni Mkuu wa soko, shikamoo. Humu mna mambo ya tumbo langu tu. Tafadhali funga.

Sasa hasira. Saa nne asubuhi nimeletewa fomu za mnada wa Jumamosi, mnada wa mwisho wa msimu. Mashamba yamevunwa, mabua yamelala, kila mtu anapunguza mifugo kabla majani hayajakauka. Nikawa napanga fomu kimya kimya. Nikafika ya kumi na saba. Ng'ombe jike, mweusi, kidoti cheupe kwenye paji la uso. Mwenye mali: Shangazi yangu. Sahihi: Baba Mdogo.

Kidoti! Ng'ombe aliyenisomesha! Miaka minane Shangazi ameuza maziwa yake, yakawa sare, yakawa madaftari, yakawa kamusi ninayolalia hadi leo. Na Baba Mdogo anakwenda kumuuza kama anavyouza kila kitu cha ukoo huu. Baiskeli ya marehemu baba aliiuza siku ya tatu ya msiba. Alisema anaipunguzia nyumba msongamano.

Karani mwenzangu, tunayemwita Kalamu Tatu kwa sababu huchomeka kalamu tatu kwenye nywele, akauliza kwa nini nahema kama fahali. Nikamweleza kwa ufupi. Akasema nimuulize Shangazi mwenyewe. Ushauri rahisi kama nini! Simu ya Shangazi huchajiwa kwa Baba Mdogo, na Baba Mdogo ndiye hupokea. Kwenda kwa baiskeli ni saa nzima, na njia inapita mlangoni kwa Baba Mdogo. Ana sauti ya kutisha, yule mzee. Hata akikukaribisha chai unahisi umekosa.

Nimeuma meno mpaka taya linauma.

Jumanne, tarehe 26 Agosti

Mpango umekamilika. Sitasema na mtu. Karatasi itasema.

Mnada wetu uko hivi. Kila mnyama hupewa namba, hupakwa rangi mgongoni, huingia uwanjani kwa namba yake. Wanunuzi hutoka mbali kwa malori. Wanyama thelathini wa kwanza huwagombania. Jua likipanda huanza kupiga miayo. Ikifika saa sita wanabaki madereva tu. Namba ndogo ni bahati, namba kubwa ni adhabu. Na nani anapanga namba? Mimi.

Wanyama ni sitini. Kidoti nimempa sitini.

Saa nane Baba Mdogo akaja kuangalia orodha. Nilimwona dirishani, nikaingia chini ya meza. Nikamsikia akimuuliza Kalamu Tatu yuko wapi mtoto wa kaka yake. Akajibiwa kwamba yuko chini ya meza. Msaliti! Nikatoka na pini mkononi, nikasema ilikuwa imeanguka. Shikamoo Baba Mdogo. Akauliza inakuwaje ng'ombe wa nyumbani awe wa mwisho, na karani ni wa nyumbani. Nikamwambia ndiyo maana hasa, tusije tukasemwa kwa upendeleo. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kupiga. Kisha akaondoka.

Nimeshinda! 

Jumatano, tarehe 27 Agosti

Usingizi umekuja na mashaka. Namba sitini haitoshi. Itakuwaje dereva mmoja akitamani maziwa?

Kila mnyama huandikiwa maelezo mafupi, na mnadi huyasoma kwenye kipaza sauti kabla ya kuanza. Anayeyaandika ni nani? Nimeyaandika hivi: “Ng'ombe jike. Hupiga teke bila kuchokozwa. Maziwa haba, tena anayaficha. Hula nguo zilizoanikwa. Aliwahi kumkimbiza daktari wa mifugo hadi juu ya paa la choo.”

Kidoti, ambaye vifaranga hulala mgongoni mwake! Nimemwomba radhi moyoni. Lakini nimeyasoma tena na tena, na lazima niseme ukweli, ni kazi nzuri. Hasa pale kwenye paa.

Mkuu akaja kugonga mihuri. Hasomi. Simu begani, anagombana na fundi wa bomba la kwake, mkono unapanda na kushuka kama wa mtu anayetwanga. Sitini kwa dakika tatu. Nakala moja ya orodha, pamoja na maelezo, imebandikwa ubaoni, moja kwa mnadi, moja imefungiwa kabatini kwa Mkuu. Kuanzia hapo hakuna kubadili hata nukta. Atakayegusa karatasi yenye mhuri anafukuzwa siku hiyo hiyo. Kanuni hiyo niliichapa mwenyewe mwezi wa sita, na kwa bidii zangu nikaipigia mstari mara mbili.

Baba Mdogo na auze sasa! Auze, nimwone!

Alhamisi, tarehe 28 Agosti

Naandika chooni. Mlango nimeuegemea kwa mgongo.

Saa tatu na nusu Shangazi ameingia ofisini. Mwenyewe. Na fimbo. Sijawahi kumwona na fimbo. Alikalia kiti cha wateja taratibu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, akangoja pumzi irudi. Chupa ya maziwa akaiweka juu ya mafaili yangu. Kalamu Tatu akatoka nje bila kuambiwa.

Nikaanza kumwambia asiwe na wasiwasi, najua njama za Baba Mdogo. Akauliza njama zipi.

“Mimi ndiye niliyemtuma baba yako mdogo,” akasema. “Mwezi uliopita nilianguka mtaroni na mzigo wa majani. Nikalala pale tangu asubuhi mpaka saa nane. Kidoti analia zizini, mimi nalia mtaroni, kila mtu na lake.”

“Mbona hukuniambia, Shangazi?”

“Ungewaandikia barua watu wote isipokuwa mimi.”

Akaeleza kwamba nyonga imekwisha. Hawezi tena kwenda ng'ambo ya mtaro kukata majani. Baada ya Jumamosi malori hayarudi mpaka mvua, miezi mitano. Kidoti asipopata mtu Jumamosi, ni miezi mitano ya kushuka mtaroni kila alfajiri na nyonga ile. Safari nyingine akianguka, alisema, huenda asipite mtu. Alilisema bila kulia, kama anayenitajia bei ya chumvi.

Kisha akauliza. Baba Mdogo analalamika kuhusu namba. Je, mambo yako sawa?

Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Mdomo nikaufungua. Nikamwona na ile fimbo, na vile anavyoniamini, na mhuri mezani, na mkataba wangu. Nikasema kila kitu kiko sawa, Shangazi. Akanishukuru! Akanishika shavu!

Nimepiga ukuta ngumi. Ukuta haujasikia kitu. Kwa nini nifichwe? Mimi, niliyesoma! Baba Mdogo anaambiwa, mimi siambiwi! Angeniambia mwezi uliopita, nisingefanya haya ya wiki hii. Kosa ni la nani, basi? Nauliza tu.

Kuna mtu anagonga mlango. Nimekohoa.

Ijumaa, tarehe 29 Agosti

Mpango mpya, wa kuufuta mpango wa zamani. Sitagusa karatasi yenye mhuri. Mbuzi ataigusa.

Mbuzi hana mkataba. Orodha ya ubaoni ikiliwa, Mkuu atalazimika kuamuru nakala zote tatu zichapwe upya ili zifanane, na mwenye kuchapa ni mimi. Namba sitini itakuwa namba nne, na maelezo yatakuwa ya malaika. Saa saba watu wote wameenda kula. Nikakoroga unga na chumvi, nikapaka ukurasa wa mwisho wa orodha. Nikamfungua beberu wa zizi la pili, nikamwonyesha ubao kwa heshima zote.

Akanusa orodha. Akanitazama. Akasogea upande wa kulia, akala zamu za kuosha vyoo.

Nikamvuta pembe. Akala tangazo la dawa ya kupe. Nikamsukuma kwa goti. Akala kona ya kalenda, Agosti yote na sehemu ya Septemba. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu Shangazi alinilea vizuri. Orodha hakuigusa! Wala kuilamba! Ndipo Mkuu akatokea na kijiti mdomoni.

Nimesema beberu alivunja mlango. Mkuu amesema karani shujaa aliyepambana na beberu ndiye aoshe vyoo, maadamu zamu hazijulikani tena, mpaka zitakapojulikana. Kalamu Tatu amecheka mpaka kalamu moja ikadondoka. Nikiwa na brashi mkononi akanifuata, akasema kwa upole kwamba bado kuna jioni nzima ya kwenda kumwambia Shangazi.

Nimemwambia asiingilie mambo ya ukoo.

Jumamosi, tarehe 30 Agosti

Nitaandika yote.

Asubuhi mnadi amefika bila sauti. Vumbi la makapi limemkausha koo, anatoa mlio kama bawaba ya mlango. Mkuu akatazama huku na huku, akanipa kipaza sauti. Akasema wewe umesoma, soma. Mimi! Sijawahi kuzungumza mbele ya watu zaidi ya wanne, na watatu kati yao walikuwa ndugu.

Namba moja nilisoma kwa sauti ya panya. Namba kumi, ya paka. Kufikia thelathini nilikuwa nasikika hadi barabarani, kwa hasira tu. Jua likapanda. Miayo ikaanza. Hamsini, malori yakawashwa. Hamsini na tisa, kondoo mmoja mwenye kikohozi, hakuna aliyegeuka.

Sitini.

Shangazi akaingia akimwongoza Kidoti mwenyewe, fimbo mkono huu, kamba mkono ule. Kidoti ameoshwa. Paji la uso limesuguliwa mpaka kile kidoti kinang'aa. Baba Mdogo nyuma, kofia mkononi. Wanunuzi migongo tu.

Nikatazama karatasi. Mkuu alikuwa ubavuni na nakala yake, na kwa mara ya kwanza tangu soko lijengwe, anasoma.

Nikaanza. Ng'ombe jike. Hupiga teke… kidogo. Maziwa haba… kwa wenye haraka. Hula nguo zilizoanikwa… zile zilizochakaa. Mtu akacheka. Nikafika kwa daktari na paa la choo, na daktari wa mifugo mwenyewe alikuwa pale, akapaza sauti kuuliza ni choo kipi. Uwanja ukalipuka. Walioko kwenye malori wakashuka kuona kinachochekesha. Wakajaa kwenye uzio, safu mbili, tatu.

Shangazi hakucheka. Alingoja wanyamaze.

“Nani ameandika hayo?”

Nilisahau kuzima kipaza sauti. Watu wote waliisikia pumzi yangu, ikaingia, ikatoka, ikaingia.

“Mimi, Shangazi.”

Baba Mdogo akavaa kofia. Shangazi akaomba ndoo. Mtu akamletea na kreti ya soda. Akakaa taratibu, upande mmoja kwanza, kisha wa pili, akaikunja ile nyonga kando ya miguu ya nyuma ya ng'ombe ambaye mimi nimetangaza kwamba hupiga teke. Akakamua. Uwanja mzima kimya, maziwa yanalia ndani ya ndoo. Kidoti akafumba macho. Fimbo ilikuwa imeegemezwa tumboni kwake, haikuanguka.

Mwanamke mwenye buti za mvua, ambaye mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya lori, akaushusha. Ana shamba la majani kando ya mto, hakuna mtaro. Akauliza swali moja tu, kama kweli anakula nguo. Shangazi akajibu kwamba ng'ombe hali nguo, ila kuhusu karani hana hakika.

Wakashikana mikono. Kidoti akapanda lori bila kusukumwa. Shangazi alimshika sikio mpaka lori lilipoanza kutembea, kisha akaachia.

Akanipita mlangoni mwa uwanja. Nilijua atanichapa, na ningefurahi. Akasema:

“Siku nyingine uliza.”

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Mkuu hajanifukuza. Amenihamishia joshoni, kuhesabu ng'ombe wanaotumbukia kwenye dawa ya kupe, mpaka mkataba uishe. Kalamu Tatu amepewa meza yangu na dirisha langu. Nimelowa tangu asubuhi. Hasira tupu! Kwani nani aliwashusha wanunuzi kwenye malori? Maelezo ya nani? Bila kazi yangu Kidoti angeuzwa kwa dereva, au asingeuzwa kabisa. Mpango ulifaulu. Hakuna aliyenishukuru.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Jana nilikwenda kwa Shangazi. Nilisimama nyuma ya uzio, sikutaka kumsumbua. Jambo nililoliona limenichoma. Saa nne asubuhi, na amekaa kibarazani juani. Miguu ameinyoosha. Macho ameyafumba. Mikono mitupu! Mara anatabasamu peke yake, mara anaguna. Huzuni ya namna ile sijawahi kuiona. Zizi limefagiliwa, halina mtu. Baba Mdogo alikuwa anamenya chungwa pembeni, haoni chochote, jiwe yule!

Nimerudi bila kubisha hodi. Nimeshamwandikia yule mama wa buti za mvua, kwa siri, nikimwomba ndama wa kwanza wa Kidoti, jike, aletwe kwa Shangazi bila taarifa. Iwe furaha ya ghafla. Nimeahidi kumwandalia vibali vyote kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, kama una habari za ndama huyo, nipate hivi. Usije ofisini. Njoo joshoni, upande wa kutokea, asubuhi kabla dawa haijakorogwa. Utaona mtu aliyevaa gunia kama aproni. Usiniite. Chora duara kwa chokaa kwenye nguzo ya tatu, ujumbe uweke chini ya debe lililopinduliwa, uende zako. Kalamu Tatu akikuuliza, sema umekuja kwa ajili ya kupe.

Na ukikutana na Shangazi njiani, msalimie vizuri, upite. Nakuomba sana. Usimuulize kitu.