Vita vya Mzee Kiilu na Tumbo Lake Mwenyewe

Nyamazeni, enyi mlioketi vibarazani, nanyi mlio njiani na mizigo vichwani! Shusheni mizigo, zimeni redio, mbembelezeni huyo mtoto aache kulia, maana jambo litakalosimuliwa hapa babu zenu hawakulitenda, na wajukuu wenu watalisikia wasiamini. Ni habari ya vita vilivyopiganwa nje kidogo ya mji wa Kitui, katika boma la Kiilu mwana wa Kimeu, Nguzo ya Baraza la Wazee wa Kanisa, Mlinzi wa Funguo za Stoo ya Viti, Sauti ya Somo la Kwanza. Vita visivyopiganwa kwa upinde wala kwa upanga, bali kwa kijiko, na ambamo adui alikaa karibu na shujaa kuliko shati lake.

Katika boma hilo palikuwa na sheria moja, iliyojulikana na kila mtu, na hata jogoo aliijua: atakayeonja kilichokatazwa kabla ya Jumapili ya Mavuno, huyo atatwanga muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa, wa nyumba nzima Jumatatu yake, katika kinu cha uani, mchana, lango likiwa wazi, watu wa sokoni wakipita na kutazama. Kiilu mwenyewe ndiye aliyeitunga sheria hiyo. Aliitunga akiwakazia macho wanawe, kwa maana yeye hakuwa ameshika mchi tangu azaliwe, na hakuona sababu yoyote duniani ya kuushika.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Kiilu alisimama mimbarini Jumapili moja, akasoma somo kwa sauti iliyotetemesha vioo, na alipofika kwenye nukta akanyamaza kidogo, kama alivyofunzwa na walimu wa misheni, ili neno liwaingie watu. Tumbo lake likaijaza nafasi ile. Lilianza kama pikipiki inayopanda mlima, likashuka kama gunia la mahindi linaloburutwa sakafuni, likaishia kwa sauti ya kuuliza swali. Kipaza sauti kikalibeba hadi barabarani. Na mama mmoja mkongwe, aliyeketi kiti cha mbele na ambaye masikio yake hayakuwa mazima, akaitikia kwa moyo wote, “Amina!”

Mchungaji hakumkemea. Alifanya jambo baya zaidi: alimhurumia. Alimwita Mzee Mutisya, ambaye husomea puani, akamwomba ajitayarishe kusoma somo la Mavuno, “ikiwa Mzee Kiilu hatajisikia vizuri.” Mutisya akanunua miwani mipya wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo Kanyiva, binti wa Kiilu, mwalimu wa chekechea katika mji wa Wote, alipokuja likizo na kusema kwamba ameona kwenye simu chakula cha kuponya matumbo, baba yake hakumfukuza.

“Tumbo lako limechoka, baba,” alisema Kanyiva. “Lipumzishwe. Mahindi tunaacha, maharagwe tunaacha. Ngano, sukari, chai ya maziwa, zote tunaacha. Tunakunywa supu ya mifupa, tunakula malenge na mboga, na kabichi iliyochachushwa kwenye chupa.”

Ndunge, mkewe Kiilu, aliweka mwiko chini. “Bila isyo? Mahindi na maharagwe yaliyokulea wewe? Na bila chai? Mwanangu, sema tu tunazikwa lini, nipige pasi nguo.”

Lakini Kiilu alikwisha kusimama, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye kiegemeo cha kiti.

“Enyi wa nyumba yangu!” akanena. “Je, tutatawaliwa na utumbo? Je, kiungo kisichokuwa na macho kitatuongoza njia? Nasema hasha! Kuanzia kesho nyumba hii inaingia vitani, na atakayerudi nyuma atakutana na kinu!”

“Na wewe baba, ukikula?” aliuliza Gedion, kitinda mimba, mwendesha bodaboda.

“Mimi?” Kiilu akacheka kicheko cha mtu aliyeulizwa kama jua litapitia Machakos. “Hata mimi. Sheria haina baba.”

Wakaingia vitani, na mwanzoni mambo hayakuwa mema. Supu ya mifupa ilichemka uani tangu alfajiri, na harufu yake ikavuka ua, ikavuka bonde, ikapiga hodi kila mahali palipokuwa na mbwa. Wakaja mbwa wenye bwana na mbwa wasio na bwana, wakaketi kulizunguka jiko kama wajumbe wa mkutano wanaongojea posho. Gedion alitoka kuwakabili akiwa na fimbo. Alirudi hana fimbo. Sufuria kubwa ya Ndunge ilipinduliwa ikabonyea pande mbili, na mfupa mkuu, ule wa goti, ulionekana mara ya mwisho ukielekea upande wa Mwingi. Ikabidi Ndunge aazime sufuria kwa jirani yake Ilham, na sufuria hiyo ikumbukeni, maana ndiyo iliyomwangusha shujaa.

Kisha ikaja habari ya kabichi. Kanyiva aliikatakata, akaitia chumvi, akaishindilia katika chupa kubwa, akaiweka juu ya kabati la sebuleni, nayo ikaanza kutoa mapovu na kuimba kwa sauti nyembamba. Siku iyo hiyo Mzee Mutisya akaja kusalimia, yaani kuchungulia. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi chini ya kabati, akiuliza tumbo limeamkaje, kifuniko kilipofyatuka kama risasi, kikaigonga kalenda ya kanisa mwezi wa sita, na maji ya kabichi yakaiteremkia miwani mipya.

Mutisya akajipangusa polepole.

“Mzee Kiilu, mimi siulizi,” alisema. “Lakini kitu kinachochemka bila moto, tena katika nyumba ya mzee wa kanisa, sisi kwetu tulikiita kaluvu.”

“Pombe, nyumbani kwangu? Ni kabichi!”

“Hata kaluvu huanza ikiwa miwa tu.”

“Basi onja!” Ndunge akamletea kijiko kimejaa, akasimama mbele yake kama askari wa zamu.

Mutisya akaonja. Uso wake ukajikunja wote, ukakusanyikia puani. “Naam, si pombe,” akasema alipopata sauti. “Pombe mtu huinywa kwa hiari yake.” Akaaga, lakini mlangoni akageuka. “Nimeanza kulisoma lile somo. Ni refu. Usijichoshe.”

Maneno hayo yakamchoma Kiilu, na kwa siku nyingi akala malenge kama mtu anayelipiza kisasi. Tumbo lake likaanza kutulia. Akajisikia mwepesi. Akajiona mshindi, na hapo ndipo hatari ilipomnyemelea.

Ndunge, alipokwisha kununua sufuria nyingine, alimtuma mumewe kumrudishia Ilham ya kwake, na ndani yake akaweka malenge mawili, maana chombo cha jirani hakirudi kitupu. Huyu Ilham alikuwa wa ukoo uliotoka Mombasa zamani na duka la vitambaa, na kila asubuhi alikaanga mahamri langoni pake. Kiilu akafika, akatua sufuria, akageuka aondoke kwa heshima.

“Unakwenda wapi, mzee wangu?” Ilham akasema. “Uniletee malenge makubwa namna hii kisha utoke kwangu hukuonja kitu? Majirani waseme nini? Kaa hapo. Usinitie aibu.”

Na mbele ya Kiilu zikawekwa mbaazi zilizopikwa kwa nazi, na mahamri yaliyovimba kwa fahari, yakitoa moshi wa iliki.

Enyi mliowahi kujaribiwa, mwoneeni huruma! Wakili akasimama ndani ya kichwa cha Kiilu, akaanza kutetea kesi. Sheria, alisema wakili, ilitaja maharagwe. Mbaazi haikuzitaja kwa jina. Ilitaja ngano, ndiyo, lakini nani ameiona ngano hapa? Hapa linaonekana hamri tu, tena limenyamaza. Na kumkatalia mwenyeji si kumtukana? Kiilu akala hamri moja kwa ajili ya adabu, akala la pili ili la kwanza lisipate upweke, akala la tatu kwa sababu zisizojulikana na mwanahistoria yeyote. Mbaazi alizifuata hadi chini ya bakuli.

Akarudi nyumbani akiimba.

Jioni, familia ilipokusanyika kwa sala, Kiilu aliona karatasi ya mkate ikichungulia katika mfuko wa koti la Gedion. Hasira takatifu ikampanda, kwa maana hakuna anayeliona kosa la mwingine upesi kuliko mtu aliyeshiba.

“Simama, Gedion!” akanguruma. “Mama yako anakunywa supu ya mifupa, dada yako anakunywa supu ya mifupa, nami baba yako, mwenye mvi hizi, nakesha na malenge; nawe unakwenda kujificha na mkate! Je, tumbo lako ni la dhahabu? Je, wewe peke yako ndiwe uliyeumbwa kushiba? Na aliyevunja sheria katika nyumba hii, na ajulikane sasa!”

Akanyamaza ili neno liwaingie.

Na tumbo lake likajibu. Halikuwa limesema kwa siku nyingi, na likayatoa yote lililokuwa limeyaweka. Lilipanda, lilishuka, lilikata kona. Paka akatoka nje.

Gedion akaitoa ile karatasi, akamkabidhi baba yake. “Nimefungia plagi ya pikipiki, baba. Nusa.” Ilinuka petroli.

Ndunge alikuwa ameinamisha sikio kama daktari. “Na hiyo sauti si ya mkate,” alisema kwa utulivu. “Nimelala karibu na tumbo hili tangu harusi yetu. Hiyo ni ya mbaazi. Za nazi.”

“Mbaazi hazikutajwa,” akasema Kiilu, na sauti yake ilikuwa ndogo.

“Na mahamri?” aliuliza Kanyiva, akiwa ameziba mdomo kwa leso.

“Yalikuwa kimya.”

“Baba Kanyiva,” Ndunge akasema, “ulituambia sheria haina baba. Sasa imepata mama. Jumatatu.”

Kiilu akawatazama mmoja mmoja, akaona wakili wake amekwisha kutoroka. Akainamisha kichwa. “Jumatatu,” akasema.

Tangu usiku ule alishika sheria kama mtu aliyeungua. Chai ya jirani ikinukia, alivuka upande wa pili wa njia. Alikula kabichi ile chachu bila kufumba macho. Na Jumapili ya Mavuno ikafika, kanisa limepambwa kwa mabua na maboga, na Mutisya ameketi kiti cha pili, miwani tayari puani. Kiilu akainuka kabla hajaitwa. Akasoma. Akafika kwenye ile nukta, akanyamaza.

Kanisa zima likangoja. Mama mkongwe wa kiti cha mbele akavuta pumzi tayari kwa Amina. Mchungaji akatazama dari. Lakini tumbo la Kiilu lilikaa kimya kama mwanafunzi aliyemwona mkaguzi wa shule mlangoni. Na katika kimya kile kikubwa ikasikika ngurumo ndefu, ya mbali, yenye kuomboleza, nayo haikutoka mimbarini. Ilitoka kiti cha pili.

“Amina!” akaitikia mama mkongwe, naye Mzee Mutisya akavua miwani.

Jumatatu asubuhi, watu wakiwa bado wanapita kumpongeza, Kanyiva alimvuta baba yake pembeni. “Baba, mahindi tuyapeleke kwa mashine tu. Umesoma vizuri. Hakuna atakayejua.”

“Mimi nitajua,” akasema Kiilu. “Mama yako atajua. Na jogoo anajua.”

“Mimi nimekusamehe,” alisema Ndunge, na alikuwa na maana hiyo, kwa sehemu.

“Hukukosewa wewe peke yako. Ilikosewa nyumba.” Akavua koti, akalitundika mtini. “Fungueni lango.”

Wakalifungua. Ndunge akayanyunyizia mahindi maji kidogo ili maganda yalegee, akayamimina kinuni. Kiilu akauinua mchi, ambao mama zake wote waliuinua kabla yake wala hakuna aliyewaimbia, akaushusha. Mahindi yakaruka juu kama jeshi lililoshtukizwa usingizini. Kuku wakaja mbio kuteka nyara. Pigo la kwanza lilikosa kinu. La pili lilikosa kidogo. Jasho likamshuka, viganja vikawaka moto, na akafahamu, katikati ya vita vile, kwamba chakula alichokula maisha yake yote kilikuwa na uzito.

Ilham akapita na kikapu, akashika shavu. “Mzee wangu! Ni mimi niliyekuponza?”

“La, mama,” Kiilu akasema akihema. “Mbaazi zako hazina hatia. Zilikuwa tamu kiasi cha kustahili adhabu hii.”

Adhuhuri akaja Mutisya, akaegemea nguzo ya lango kwa muda mrefu. Watu wakasogea wasikie atakalosema. “Mwanamume mzima na mchi!” alisema kwa sauti kubwa. Kisha watu walipokwisha kucheka na kwenda zao, akasogea karibu, akanong’ona, “Ile kabichi, Mzee Kiilu... imebaki kidogo?”

“Ipo chupa nzima,” akasema Kiilu, bila kuacha kutwanga. “Ukiifungua, vua miwani.”

Jua lilipoanza kuinama, Ndunge akaja na ungo. Akachota mahindi, akapepeta, maganda yakaruka na upepo. Akatwaa punje moja, akaing’ata kwa jino lake la pembeni, akafikiri. Boma lote likashika pumzi.

“Imekoboka,” akasema.

Sikieni, enyi wa Kitui na wa Makueni, toka Mwingi hadi Kasikeu! Siku ile Kiilu mwana wa Kimeu, Sauti ya Somo la Kwanza, Mshindi wa Tumbo, aliisimamisha sheria yake mwenyewe kwa mikono yenye malengelenge, nayo punje zilikuwa nyeupe, na zilizovunjika hazikuwa nyingi kupita kiasi. Akautua mchi, akanyoosha mgongo kwa hatua, akainua uso wake kuelekea barabarani.

“Adhabu imelipwa!” akatangaza.

“Bado kinu hakijaoshwa,” akasema Ndunge.

Akakiosha.